Yaliyo Kichwani na Yaliyo Sandukuni

Hotuba juu ya kuhifadhi historia ya Awendo, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama



Tumepewa heshima ya kusema mara baada ya Mweka Hazina kusoma hesabu zake, na hesabu hizo ndizo zitakazotufungulia maneno. Mmesikia fungu la rambirambi, fedha zilivyoingia na zilivyotoka. Kila mstari katika fungu hilo ni mtu aliyezikwa. Daftari lataja jina lake, siku ya kufa kwake, na kiasi walichopewa jamaa zake kwa jeneza, gari na chakula cha waombolezaji. Daftari la fedha halidaiwi zaidi ya hayo. Lakini katika watu hao walikuwamo waliojua boma la fulani lilikuwa upande gani wa mto Sare kabla ya miwa kupandwa, nani alifungua duka la kwanza sokoni, na njia ya ng'ombe kwenda mtoni ilipita wapi. Hayo hayapatikani katika kitabu chochote kinachouzwa. Ndiyo maana tumeomba nafasi hii: tuseme juu ya historia ya mahali petu, Awendo na mitaa iliyouzunguka mji, na namna ya kuihifadhi wakati wenye kuijua wangali hai.

Yamkini wako watakaouliza, Awendo nayo ina historia? Tumezoea kusikia kuwa historia iko Lamu, au iko Mombasa kwenye Ngome ya Yesu ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Mji wetu ni wa juzi tu, uko kando ya barabara kuu itokayo Kisii kwenda Migori na mpaka wa Tanzania, una soko, kiwanda, stendi ya magari na nyumba za kupangisha. Jina lake ni la ndege: awendo kwa Kijaluo ni kanga. Basi hata jina hilo moja lina maswali ndani yake. Kanga hao walikuwa katika vichaka gani? Walitoweka lini? Mtoto azaliwaye leo mtaani huenda asimwone kanga ila katika picha ya kitabu, na wazee waliowatega wangalipo, tena wengine wameketi humu ndani. Vivyo hivyo jina la Sakwa. Limo katika wadi zetu nne za uchaguzi, na liko pia kule Bondo, ng'ambo ya Ghuba ya Winam. Kijana apigaye kura katika Sakwa yafaa ajue kwa nini jina ni moja na maji yako katikati.

Katika kaunti yetu hii hii ziko kuta za Thimlich Ohinga, mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo wa kuyashika, ambazo wataalamu wakadiria zilijengwa katika karne ya 16. Mwaka 2018 UNESCO ililiingiza boma hilo katika orodha ya Urithi wa Dunia, nasi sote tulifurahi. Lakini ukiuliza jina la mtu aliyeweka jiwe la kwanza, hakuna ajuaye. Kwetu Awendo hali ni kinyume chake: majina bado tunayo, ila hatuna mawe. Mababa zetu walizungushia maboma yao minyaa na makonge, na nyumba zao zilikuwa za udongo na nyasi. Kuyafuta hayo, trekta lilihitaji msimu mmoja tu.

Hapa yatupasa kueleza kidogo juu ya hame, maana katika mkutano huu wamo wenzetu wengi wasio Wajaluo, nao ni wanachama halisi kama sisi. Hame kwa Kijaluo huitwa gunda. Mwana alipotoka bomani kwa babaye kwenda kufungua boma lake mwenyewe, na baadaye boma la zamani likaisha watu, mahali pale hapakuhesabiwa kuwa pori. Palibaki minyaa ya ua, palibaki makaburi, na pale palipokuwa zizi mtama ulistawi miaka mingi kuliko mahali pengine kwa sababu ya samadi. Mzee alimshika mkono mjukuu wake akamwonyesha: hapa ndipo palipokuwa lango, hapa nyumba ya mke mkubwa, kaburi lile ni la fulani. Kabla ya hati za ardhi, gunda ndilo lililokuwa hati. Lilisomwa kwa macho na kwa miguu, na shahidi wake alikuwa jirani.

Mwaka 1976 iliundwa Kampuni ya Sukari ya South Nyanza, ambayo sote twaiita Sony, na mwaka huo huo Serikali ilitwaa ardhi ya wenyeji kwa ajili ya kiwanda na shamba lake. Hatusemi kwamba kiwanda kilileta hasara tupu. Wangapi kati yetu tumesomeshwa na miwa? Mji huu ungekuwa wapi bila mishahara ile, na bila wakulima wa vijijini waliopeleka miwa yao kwenye mizani? Lakini ni kweli pia kwamba watu walihama, wengine karibu, wengine mbali, na magunda yaliyobaki ndani ya shamba kubwa yakalimwa. Ile hati iliyosomwa kwa miguu ikafutika. Iliyosalia ni kumbukumbu vichwani mwa watu. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 25 mwaka ule, mwenye mke na mtoto wa kwanza, aliyefungua lango lake mwenyewe akalifunga tena, mtu huyo leo amekwisha kupita miaka 70. Fanyeni hesabu hiyo kimya kimya, kila mmoja na wazee wa nyumbani kwake, mtaona kwa nini hatutaki kungoja mkutano wa mwaka ujao.

Tena jambo hili si la kujifurahisha jioni tu. Wote mnajua kwamba sehemu ya ardhi iliyotwaliwa haikutumiwa na kiwanda, na mji ukakua juu yake. Wenyeji wa awali walikwenda mahakamani kuidai. Shauri hilo kati yao na Baraza la Mji wa Awendo lilipanda ngazi hadi Mahakama ya Juu ya Kenya, ambayo mwaka 2019 iliamua kwamba wenyeji wa awali hawakuwa na haki ya kurudishiwa ardhi ile iliyosazwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 ina kifungu kisemacho kwamba haja ya umma ikikoma, wenye ardhi wa kwanza au warithi wao waweza kupewa nafasi ya kuipata tena kwa kurudisha fidia yote. Lakini ardhi yetu ilitwaliwa miaka mingi kabla ya sheria hiyo. Hukumu imechapishwa na kila mtu aweza kuisoma. Sisi hatukuja hapa kuifufua kesi. Twaitaja kwa sababu katika mashauri ya namna ile kinachowekwa mezani ni karatasi: tangazo katika Gazeti Rasmi, ramani ya mpima, risiti ya fidia, hati. Mzee mwenye kumbukumbu safi lakini asiye na karatasi husikilizwa kwa heshima, kisha huambiwa aketi.

Kwa hiyo kabla ya kwenda mbele, yafaa tuseme wazi tunachotaka kuandika na tusichotaka. Twataka kuandika mahali watu walipokaa, si nani amiliki ardhi leo. Mwenye kiwanja mtaani akisikia kwamba wazee wanapita wakionyesha magunda, halali usingizi akidhani kesho atanyang'anywa. Naye mzee akiona kijana anaandika maneno yake, hushuku kwamba yatauzwa. Hofu zote mbili zina sababu, na hazitaondoka kwa kucheka. Ndiyo maana tunapendekeza kila ukurasa wa daftari uwe na mstari juu yake: Maelezo haya ni ya historia, si madai ya ardhi. Wako wazee waliotuambia kwamba kwa maneno hayo tumewafunga mikono. Jibu letu ni kwamba mwenye madai ana wakili na ana mahakama. Daftari la Chama likigeuka silaha ya upande mmoja, upande wa pili hautaleta masanduku yake, nasi tutabaki na nusu ya habari na ugomvi mzima.

Sasa tuje kwenye karatasi zenyewe. Ziko wapi? Utawala wetu umehamahama kuliko sisi. Wakati wa wakoloni tulikuwa katika Wilaya ya South Kavirondo, na Bwana D.C. alikaa Kisii. Wilaya ikaitwa South Nyanza. Kisii ilipotengwa, makao yetu yakawa Homa Bay. Mwaka 1992 ikazaliwa Wilaya ya Migori, na mwaka 2013 zikaja kaunti, na Baraza la Mji wa Awendo likakoma pamoja na mabaraza yote ya miji nchini. Kila ofisi inapohama, majalada hupakiwa katika lori, na si lori lote hufika lilivyoondoka. Basi mtu atafutaye habari za kijiji kimoja cha Sakwa hana budi kuuliza Kisii, Homa Bay, Migori na Nairobi. Huko Nairobi, katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, ambayo sheria yake ilipitishwa mwaka 1965, zimo ripoti za mwaka za mabwana D.C. wa zamani, na nakala za filamu za nyaraka nyingi za namna hiyo zilipelekwa hata Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani. Twapaswa kuzitafuta na kuzisoma. Ila tuzisome kwa tahadhari: D.C. aliandika yaliyomhusu, yaani kodi, barabara, pamba na tabia za machifu. Hakuingia jikoni kuuliza mwaka wa njaa akina mama walipika nini.

Karatasi zilizo karibu zaidi ziko chini ya vitanda vyetu. Hakuna boma la mtu mzima hapa lisilo na sanduku la bati, na ndani ya sanduku mna mambo. Mna kipande cha babu, kile alicholazimika kukibeba kila aendako kazini. Mna risiti za kodi, zenye jina la chifu na mahali pa kulipia. Mna barua zilizoandikwa kutoka Nairobi, Kericho au Kampala, zikiuliza kama ng'ombe wa mahari wamefika. Mna vyeti vya shule ambazo zimebadilika majina. Mna karatasi za mizani ya miwa, zenye uzito wa kila tela na makato yake, ambazo mkulima alizitunza kwa hasira zaidi kuliko kwa mapenzi. Leo zatuonyesha mwaka gani shamba la jamaa fulani lilianza kutoa miwa na mwaka gani liliacha. Mna picha za arusi ambazo nyuma yake hakuna jina hata moja. Mwenye sanduku huziona takataka kwa kuwa kila moja peke yake ni ndogo. Zikikusanywa za nyumba 40, ndiyo historia ya uchumi wa mji.

Juu ya utunzaji tuna ombi moja zito. Msizipeleke karatasi za zamani dukani zikafunikwe kwa plastiki ya moto. Twajua nia ni njema, lakini joto lile na gundi ile huila karatasi, na haiwezi kutolewa tena. Wala msizibandike kwa utepe. Ziwekeni katika bahasha safi, mbali na sakafu, mbali na moshi wa jiko, na mzitazame mara kwa mara kwa ajili ya mchwa. Nyuma ya picha andikeni majina kwa penseli laini, si kwa kalamu ya wino. Chama hakitachukua karatasi ya mtu yeyote. Itapigwa picha kwa simu mbele ya mwenyewe, karibu na dirisha penye mwanga, kisha itarudi sandukuni siku hiyo hiyo.

Iko karatasi nyingine ambayo sote tunayo na hatuihesabu. Ni kijitabu cha mazishi. Kwa desturi ya siku hizi hatuziki mtu mzima bila kijitabu, chenye picha yake juu, utaratibu wa ibada, na wasifu wake ndani. Someni wasifu mmoja kwa makini. Utamkuta marehemu alizaliwa lini, mtoto wa ngapi, wa nani na binti wa wapi, alisoma shule gani, aliajiriwa wapi na kwa cheo gani, alihamia Awendo mwaka gani, alioa nani, aliacha wajukuu wangapi. Waliouandika ni jamaa waliokaa usiku kucha wakishindana juu ya tarehe, na wengine wameitwa kwa simu kutoka mbali ili waseme walijualo. Hakuna mtafiti awezaye kuitisha baraza la namna hiyo. Lakini baada ya siku tatu kijitabu hicho hufungiwa maandazi, au watoto hutengenezea ndege. Twaomba tangu leo kila boma linalopokea rambirambi za Chama lilete nakala mbili za kijitabu chake kwa Katibu, na wenye vijitabu vya zamani wavilete vile vile. Ni kweli kwamba wasifu wa mazishi humsifu mtu kuliko alivyokuwa. Haukumbuki madeni wala magomvi. Basi tutausoma tukijua hivyo. Tarehe na majina ya mahali hayana haja ya kusifu.

Tahadhari kama hiyo yafaa katika vitabu vya makanisa. Waadventista walifika Nyanza mwaka 1906 wakaanzisha misheni yao Gendia, na kazi yao ikafika hata Kamagambo na Ranen, majirani zetu. Wao hubatiza mtu aliyekwisha kufahamu, kwa hiyo mwaka ulioandikwa katika kitabu chao ni wa kuamini, si wa kuzaliwa. Wakatoliki hubatiza watoto wachanga, na vitabu vyao aghalabu vyataja wazazi na msimamizi. Kijana asiyejua tofauti hiyo atamfanya nyanya yake kuwa mdogo kwa miaka 15. Vitambulisho vya taifa navyo si msahafu. Wazee wengi walikadiriwa umri na karani aliyewatazama usoni, akaandika mwaka uliomjia.

Kwa hiyo tunapoketi na mzee tusimwulize kwanza: ilikuwa mwaka gani? Swali hilo humfanya abuni ili asituvunje moyo. Tumwulize ilikuwa kabla au baada ya jambo ambalo hakuna asiyelijua. Zile mvua kubwa za mwaka 1961 zilizolifurisha Ziwa, mlikuwa mnakaa wapi? Uhuru ulipopatikana Desemba 1963, ulikuwa umeoa? Siku Tom Mboya alipouawa, tarehe 5 Julai 1969, habari ilikukuta unafanya nini? Katika nchi hii ya South Nyanza hatujamwona mtu wa rika lile asiyejua mahali aliposimama aliposikia habari hiyo. Kisha kufa kwa Mzee Kenyatta, Agosti 1978, na jaribio la kuipindua Serikali, Agosti 1982. Wazee wawili wakibishana juu ya mwaka boma lilipohama, mmoja akasema nyumba mpya ilikuwa bado haijaezekwa redio ilipotangaza kifo cha Rais, na wa pili akakubali kwamba hata yeye aisikia redio ile akiwa juu ya paa, hapo mwaka umepatikana, na umepatikana kwa mashahidi wawili. Wanapotofautiana na wasipatane, yaandikwe yote mawili, kila neno na mwenyewe. Kuchagua mshindi si kazi ya mwandishi.

Njia hii si ngeni wala si ya kizungu. Paul Mboya wa Karachuonyo alikiandika kitabu chake cha mila na desturi za Wajaluo, Luo Kitgi gi Timbegi, mwaka 1938, kwa lugha yetu wenyewe. Profesa Bethwell Ogot, aliyefariki Januari 2025, alipita kwa wazee akiwauliza nasaba na safari za koo, akizipima nasaba moja kwa nyingine, na mwaka 1967 akatoa kitabu chake cha historia ya Wajaluo wa kusini. Wakati ule wasomi wengi walishikilia kwamba pasipo maandishi hapana historia. Ogot aliwaonyesha kuwa mapokeo ya mdomo, yakiulizwa vema na kulinganishwa, ni ushahidi. Lakini yeye alishughulika na koo na safari za karne nyingi. Mtaa wa wapangaji ulio nyuma ya soko haukuwa kazi yake. Huo ni wetu.

Na katika kazi hiyo tusiwaulize wanaume peke yao. Zamani habari za vita na mipaka zilizungumzwa katika duol, kibanda cha mwenye boma, lakini watoto walilelewa kwa hadithi na maarifa katika siwindhe, nyumba ya bibi mzee, na bibi aliyewalea aliitwa pim. David Cohen na Atieno Odhiambo, katika kitabu chao juu ya Siaya cha mwaka 1989, wameonyesha jinsi elimu ya jamii ilivyopita mlangoni mwa pim. Tena mwanamke wa Kijaluo huolewa kutoka ukoo mwingine, ndiyo maana huitwa nyar, yaani binti wa kwao. Alipofika hapa alikuja na macho ya mgeni. Aliona ambayo wenyeji hawakuyaona kwa kuyazoea. Tumepata kusikia wanaume wakieleza kuhama kwa maboma kwa kutaja mipaka na kiasi cha fidia. Wake zao, wameketi pembeni, walisema ni vyungu gani vilivunjika njiani, nani alikuwa mja mzito, mahindi yalikuwa yamefika wapi shambani, na ni jirani gani aliwapa nyumba ya kulala mwezi mzima. Hayo ya pembeni ndiyo yaliyotusaidia kujua msimu na mwezi.

Wala tusiwaulize wenyeji wa Sakwa peke yao. Kiwanda kilileta mafundi, makarani, wakata miwa, madereva na wafanyabiashara kutoka Gusii, Kuria, Uluhya na kwingineko, na wengi wao wamezaa na kuzika hapa. Mtu aliyepanga chumba katika mtaa wetu kwa miaka 30 anajua mambo ya mtaa huo ambayo mwenye ardhi aliyekaa kijijini hayajui. Wakumbuke pia wenzetu wa mpira. Mwaka 2006 timu ya Sony Sugar ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya, na siku zile uwanja wetu wa Awendo ulisikika nchi nzima. Nani ana picha? Nani alitunza tikiti? Wengine watasema mpira si historia. Twawaambia waulize vijana wao ni tarehe ipi ya mji huu waijuayo kwa moyo.

Kwingineko watu wamefanya hivi na kazi yao imeonekana. Huko Cape Town, Afrika Kusini, serikali ya ubaguzi ilitangaza mwaka 1966 kwamba mtaa wa District Six utakuwa wa wazungu peke yao, na zaidi ya watu 60,000 wakahamishwa na nyumba zao kubomolewa. Mwaka 1994 wakazi wa zamani walifungua jumba la makumbusho. Walitandaza sakafuni ramani kubwa ya mtaa, na kila aliyeingia aliinama akaandika jina lake mahali nyumba yao ilipokuwa. Ramani moja na kalamu. Hawakungoja fedha nyingi. Karibu zaidi, Wanubi wa Kibera, ambao babu zao walikuwa askari wa jeshi la Mwingereza, walitunza kwa vizazi kadhaa masimulizi na karatasi za kukaa kwao pale, na mwaka 2017 jamii yao ilipewa hati ya ekari 288. Hatuwapi mfano huo ili mtarajie hati. Twawapa ili mwone kwamba karatasi iliyotunzwa na bibi asiyejua kusoma yaweza kufika mbali kuliko yeye alivyofika.

Kuna haraka nyingine. Mwaka 2025 Serikali ilivikodisha viwanda vinne vya sukari vya umma, Sony kikiwa kimojawapo, kwa kampuni za watu binafsi kwa muda wa miaka 30. Mikono ikibadilika, makabati hufunguliwa, na yaliyo ya zamani huonekana kuwa yanachukua nafasi. Ramani za kwanza za shamba, orodha za wafanyakazi wa mwanzo, picha za ujenzi wa kiwanda, hayo yakitupwa hayana pa kutafutwa tena. Tunapendekeza Bwana Mwenyekiti aandike barua ya adabu kwa wahusika, na nyingine kwa Kaunti ya Migori juu ya majalada ya lililokuwa Baraza la Mji, kuomba kwamba yasiyotakiwa yasichomwe kabla Hifadhi ya Nyaraka za Taifa haijaulizwa. Barua hizo zisilaumu mtu. Ziombe tu.

Yabaki maneno machache ya utaratibu. Kila mazungumzo yatanaswa kwa simu kwa lugha aitakayo mzee, Kijaluo, Kiswahili, Ekegusii au nyingine, kisha muhtasari wake utaandikwa kwa Kiswahili ili sote tusome. Mzee ataulizwa kwanza kama anakubali. Hivyo ndivyo adabu itakavyo, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nayo yataka vivyo hivyo. Akisema neno kisha akalijutia, atalifuta. Ugonjwa wa mtu, laana za nyumbani na siri za ndoa hazitaandikwa hata kama zimesimuliwa kwa ufasaha. Nakala moja ya daftari itakaa kwa Katibu, ya pili katika shule itakayokubali kuitunza, na sauti zitawekwa mahali zaidi ya pamoja, kwa kuwa simu huibiwa na huanguka majini.

Gharama tumeiona na Mweka Hazina. Daftari nene nne, bahasha, penseli, na nauli ya vijana wawili. Fedha hizo zaweza kutoka katika fungu la shughuli za Chama bila kugusa rambirambi, nasi twaomba mkutano uziidhinishe.

Wazee wenye umri mkubwa kuliko wote ndio watakaotembelewa kwanza, bila kutazama ukoo wala cheo, na mama zetu wajane miongoni mwao wasiachwe nyuma. Mwenye mzee nyumbani asiyeweza kutembea aandikishe jina lake leo. Meza iko pale karibu na mlango. Katibu Msaidizi amekwisha kupiga mistari katika kurasa za kwanza, na vijana wako tayari kupiga picha za karatasi mlizokuja nazo. Waliotoka mbali, wenye kutegemea magari ya jioni, wapishwe watangulie.